Ndege za kutua majini zenye injini mbili, kweli ni salama kuliko za injini moja?

MamaNuru:
Wakuu habari zenu. Nina safari na mume wangu na mtoto wetu wa miaka sita, tunashukia uwanja mkubwa halafu kipande cha mwisho kwenda kisiwani ni ndege ndogo zile zinazotua majini, chini ina maboya badala ya matairi. Sasa toka tiketi zikatwe nimeanza kusoma habari za ajali za hizi ndege na usingizi umekata kabisa, kila nikifungua nakutana na nyingine, mara Marekani, mara Kanada, mara Australia. Mume wangu ananiambia niache kusoma maana tunayopanda ni Twin Otter, ina injini mbili, na nyingi zinazoanguka ni za injini moja, kwa hiyo hata moja ikizima nyingine inatufikisha. Natamani nimwamini ila nimeona ile ya Miami mwaka 2005 nayo ilikuwa na injini mbili na hakupona hata mmoja. Kwa mnaojua haya mambo, injini mbili zinasaidia kweli au ni maneno ya kututuliza abiria? Na je mimi niliyekaa kwenye siti kuna chochote naweza kufanya au ni kufunga mkanda na kumwachia Mungu? Naomba ukweli msinifiche, mimi nikijua ndo natulia.

Kipanga77:
Dada mumeo yuko sahihi, mwamini. Twin Otter imeruka mara ya kwanza 1965 na mpaka leo bado inatengenezwa, unadhani ingekuwa mbovu ingedumu hivyo? Injini zake ni PT6 za Pratt & Whitney Canada, ni tabaini ya kuzungusha pangaboi, sio zile injini za pistoni za zamani, na hizi ni kati ya injini zinazoaminika sana kwenye usafiri wa anga. Moja ikizima angani rubani anageuza mapanga yake yakae wima yasikamate upepo, anaendelea na iliyobaki mpaka anapata pa kutua.

Halafu angalia hata ndege kubwa, zamani kuvuka bahari ilikuwa lazima injini tatu au nne, mwaka 1985 ndo wakaanza kuruhusu za injini mbili zikae mpaka dakika 120 mbali na uwanja wa kutua, zikaja 180, na sasa hivi Airbus A350 inaweza kuruhusiwa mpaka dakika 370. Yaani masaa sita na dakika kumi kwa injini moja tu juu ya bahari! Wasingeruhusu hivyo kama injini zingekuwa zinazima ovyo. Lala usingizi.

FundiWaBawa:
Kipanga ulichosema kuhusu injini ni kweli ila umejibu injini tu, na dada kauliza kuhusu ndege nzima. Mimi kazi yangu ni matengenezo, nimeshika ndege za maji miaka mingi, nitasema ninachokijua.

Mama Nuru hiyo ya Miami uliyoisoma ni Chalk's Ocean Airways, tarehe 19 Desemba 2005, ndege aina ya Grumman Mallard iliyokuwa inaelekea Bimini kule Bahamas. Ilikuwa na watu 20. Dakika chache tu baada ya kuruka bawa la kulia likakatika, likang'oka kabisa kwenye bodi, na watu wote 20 wakafariki. Injini zote mbili zilikuwa nzima. Tena cha kuumiza ndege ile ilitengenezwa 1947 ikiwa na injini za pistoni, baadaye wakaifunga injini mpya za tabaini, hizohizo PT6 anazozisifia Kipanga. Kwa hiyo ukiiangalia kwa upande wa injini ilikuwa ya kisasa, ila mabawa yalikuwa yaleyale ya 1947, ambayo yalikuwa yamekula chumvi na kupigwa na mawimbi karibu miaka sitini.

Wachunguzi wa Marekani wakakuta ni uchovu wa chuma, nyufa zilizoanza ndogo ndani ya bawa zikawa zinakua kidogo kidogo kila ikipaa na kutua. Na dalili zilikuwepo jamani! Mafuta yalikuwa yanavuja kwenye mabawa na ikaandikwa kwenye rekodi zaidi ya mara moja. Kwenye ndege ile bawa lenyewe ndo tenki, kwa hiyo mafuta yakitoka maana yake kuna mahali chuma kimeachia, na jibu sahihi ni kufungua na kutafuta kwa nini, sio kuziba tu pale panapotoa majimaji halafu ndege irudi kazini. Hilo la kuziba linaniuma mpaka leo kwa sababu najua linavyotokea, abiria wanasubiri, ratiba imebana, bosi anauliza itatoka saa ngapi, na fundi anachagua dawa ya saa moja badala ya kazi ya wiki mbili. Ripoti ilisema wazi chanzo ni mfumo wa matengenezo wa kampuni kushindwa kuziona na kuzitengeneza zile nyufa inavyotakiwa, na mamlaka iliyotakiwa kuwasimamia nayo haikugundua.

Sasa chukua hiyo Twin Otter yenyewe. Agosti 9, 2007 kisiwani Moorea, Polinesia ya Ufaransa, Twin Otter ya Air Moorea iliruka kwenda Papeete, safari fupi mno, hiyo ilikuwa ya matairi sio maboya. Rubani alipokunja flapu (vile vibawa vya nyuma ya bawa vinavyosaidia kupaa na kutua) baada ya kupaa kebo ya chuma inayovuta usukani wa kupandisha pua ikakatika. Watu 20, hakuna aliyebaki. Injini zote zilikuwa zinazunguka vizuri. Kebo ilikuwa imelika pale inapopita, nyuzi zake zimeshaanza kukatika.

Na ile ya Septemba 4, 2022 Mutiny Bay jimbo la Washington, hiyo ni Otter ya injini moja, watu 10 na wote wakafa. Mtu akisikia injini moja atasema ndo hiyo, ilizima. Hapana. Kifaa kinachosogeza bawa dogo la mkia kilijifungua kikiwa angani kwa sababu karingi kadogo ka kufungia nati kalikuwa hakapo. Pua ikashuka na rubani hakuwa na chochote mkononi cha kuirudisha.

Ajali tatu hizo na hakuna hata moja iliyotokana na injini. Dada ukitaka kuuliza kampuni swali la maana usiulize ina injini ngapi, uliza inaoshwaje na inakaguliwaje. Ndege ya maji ya chumvi inatakiwa imwagiwe maji baridi ya kawaida kila siku ya kazi, injini nazo zinasuuzwa ndani, na kutu ikianza kwenye maungio haisubiri tarehe ya ukaguzi ifike.

Kipanga77:
Fundi nakuheshimu sana ila umechagua mifano mitatu inayokubeba. Bado mtu akiniwekea ndege mbili mbele yangu, zote zimetunzwa vizuri, moja ina injini mbili nyingine moja, nitapanda ya mbili na wewe utapanda ya mbili tusidanganyane. Mbili haiwezi kuwa hatari zaidi ya moja.

FundiWaBawa:
Nitapanda ya mbili ndio, sijakataa. Ila neno lako ni "zote zimetunzwa vizuri", na humo ndo ajali nyingi zimelala.

NyotaYaKusi:
Naomba niingie hapo kwenye "mbili haiwezi kuwa hatari zaidi ya moja" maana mimi narusha ndege za injini mbili na hiyo kauli inahitaji nyama kidogo.

Injini mbili zimekaa pembeni, moja kila bawa. Moja ikizima ile nyingine bado inasukuma upande wake, kwa hiyo ndege inataka kujizungusha kuelekea upande uliokufa, unaizuia kwa pedali za mkia. Sasa mkia unafanya kazi kwa upepo unaopita, ukiwa na spidi ya kutosha unaishikilia, spidi ikishuka chini ya kiwango fulani mguu wako hauwezi tena hata ukanyage mpaka mwisho, ndege inajibingirisha na ukiwa chini huna nafasi ya kuirudisha. Kila ndege ya injini mbili ina hiyo spidi imeandikwa na kuchorwa mstari mwekundu kwenye kipimo. Injini ikizima ukiwa juu umetulia ni shughuli ya kawaida, tunaifanyia mazoezi kila mara. Ikizima sekunde chache baada ya kuachia maji, ndege imejaa watu na mizigo na maboya yale makubwa yanavuta upepo, hapo rubani asipokuwa na mazoezi ya karibuni hiyo injini ya pili ndo inayompindua. Ya injini moja ikizima inakuwa inateleza tu mbele inashuka, na kama chini ni maji yaliyotulia rubani wa ndege ya maboya ana uwanja mpana sana wa kutua.

Kuna jambo jingine, kuchanganya injini. Januari 8, 1989 Kegworth Uingereza, Boeing 737 ya British Midland, injini ya kushoto iliharibika, marubani wakazima ya kulia ambayo ilikuwa nzima, watu 47 wakafa. Mtu atasema hiyo zamani. Haya, Februari 4, 2015 Taipei, ndege ya pangaboi ya injini mbili aina ya ATR 72 ya shirika la TransAsia, mpya kabisa, injini namba mbili ikapoteza nguvu baada ya kuruka na kompyuta ikageuza mapanga yake yenyewe, rubani akazima namba moja. Ndege ikagonga daraja ikaingia mtoni, 43 kati ya 58 wakafariki. Ndege ile ilikuwa na uwezo wote wa kupanda kwa injini moja, na ilitengenezwa hivyo makusudi.

Kwa hiyo Mama Nuru jibu langu mimi, injini ya pili ni kitu kizuri sana ikiwa kuna mtu aliyefundishwa kuitumia. Na kwa maoni yangu kwenye hiyo Twin Otter yako kitu cha thamani zaidi kuliko injini ya pili ni rubani wa pili, maana ndege hizi za abiria mara nyingi zinakuwa na marubani wawili. Tarehe 31 Desemba 2017 kaskazini mwa Sydney, ndege ndogo ya maji aina ya Beaver, ya injini moja yenye rubani mmoja, iliingia kwenye kibonde chenye milima kisha ikadondoka kwenye maji, watu wote sita wakafa, na ilichukua muda mrefu kujua kwa nini. Baadaye vipimo vya damu vikaonyesha gesi ya kaboni monoksaidi. Egzosi ilikuwa na ufa, na kwenye ukuta unaotenganisha injini na watu kulikuwa na bolti hazipo, hewa chafu ikapenya ndani, rubani akalegea akili bila yeye mwenyewe kujua. Gesi ile haina harufu wala rangi. Kile kidude cha kupima chenye king'ora ni kidogo mno na kingewaamsha.

Na kuhusu maji yenyewe, watu wanaogopa mawimbi, sawa yaogope, lakini sisi tunaogopa pia bahari ikiwa shwari kabisa inang'aa. Macho hayaoni maji yanaanzia wapi, unadhani uko mita kumi kumbe uko mbili, au unanyanyua pua mapema ndege inaisha spidi ukiwa juu. Hapo hutui kwa macho, unaiweka ndege kwenye mwendo wa kushuka taratibu sana injini ikiwa na nguvu kidogo mpaka maboya yaguse yenyewe, na unajipanga karibu na ufukwe ili jicho lipate pa kushika. Zile za matairi na maboya kwa pamoja zina hatari yake, rubani akisahau matairi yako chini akatua nayo majini inapinduka hapohapo mbele.

Kipanga77:
Hapo kwenye pedali na spidi nimekuelewa mkuu, hiyo sikuwa nayo kichwani. Shukrani.

MamaNuru:
Asanteni sana jamani, nimesoma zote na mume wangu nimempa simu asome mwenyewe. Ila kuna kitu kimenishtua, kumbe ndege nyingi zikiingia majini zinapinduka? Sasa mtu anatokaje? Mimi naogelea kidogo, mtoto anaogelea vizuri kwenye bwawa tu.

Mbizi_Kina:
Dada mimi ni mzamiaji na nafundisha watu kutoka kwenye vyombo vilivyozama, hili ndo eneo langu na naona halijaguswa huku juu wakati ndo linaua watu wengi ambao kishindo chenyewe hakikuwaua. Hili linaniuma sana kwa sababu mtu ametua hai, hajavunjika hata mfupa, halafu anazama ndani ya siti yake.

Novemba 29, 2009 Kisiwa cha Saturna, Kanada, Beaver ilianguka majini ikiwa na watu wanane. Wawili walitoka. Sita walizama ndani, na mmojawapo alikuwa mtoto mchanga. Milango mingine ilijikunja ikagoma kufunguka. Baada ya hiyo wachunguzi wa Kanada wakapiga kelele miaka na miaka kwamba ndege hizi ziwe na milango na madirisha yanayong'oka haraka na abiria wavae maboya ya kujiokoa (yale ya mwilini, sio ya ndege) muda wote wa safari, na mwishowe sheria ikabadilishwa kwenye hilo la kuvaa kwa zile ndogo za biashara. Kwa nini kuvaa? Kwa sababu ndege imepinduka, maji yamejaa, giza, hakuna binadamu anayeweza kuinama chini ya siti kutafuta boya, kufungua mfuko na kulivaa.

Lakini kulivaa sio kulijaza! Hili naomba ulishike kuliko yote. Novemba 23, 1996 Boeing 767 ya Ethiopian Airlines ilitekwa, ikaishiwa mafuta, injini zote mbili zikazima, rubani akaishusha majini karibu na ufukwe wa Komoro. Watu 125 kati ya 175 walikufa, na wengi kati yao walivuta kamba maboya yakajaa wakiwa bado ndani, maji yalipoingia maboya yakawapandisha juu kwenye dari yakawabana wakashindwa kuzama kidogo kupita mlangoni. Boya linajazwa ukishatoka nje ya ndege. Mwambie mtoto hivyo mara nyingi mpaka aweze kukujibu mwenyewe.

Cha kufanya ukiingia. Angalia mlango wako ni upi na shikilia kishikio kwa macho, kinavutwa juu, kinasukumwa, kinazungushwa? Uliza kabla hamjaondoka, hawatakucheka. Gusa kitu kilicho kati yako na mlango, fremu ya dirisha au mgongo wa siti ya mbele, ujue mkono unapita wapi. Ndege ikipinduka kichwa kinachanganyikiwa, juu inakuwa chini, lakini ukiwa bado umefungwa mkanda mlango uliokuwa kulia kwako bado uko kulia kwako. Ndo maana mkanda unaachiwa mwisho. Watu wengi wanaufungua kwanza, hapo mwili unaelea hovyo ndani na hajui tena aliko. Ngoja mtikisiko uishe, mkono mmoja umeshika njia ya kutoka, mlango umefunguka, ndo unafungua mkanda na kujivuta nje kwa mikono. Usipige mateke, unamuumiza wa nyuma.

Na usibebe kitu. Begi, simu, hereni za bibi, acha vyote.

Ndege za matairi nazo zinaingia majini, mnaikumbuka ATR ya Precision pale Bukoba Novemba 6, 2022, ilishukia ziwani karibu kabisa na uwanja, 19 wakafariki na 24 wakapona, na watu wa kwanza kufika kuwasaidia walikuwa wavuvi. Ndege ile nayo ilikuwa na injini mbili. Kwa hiyo haya ninayokuambia yatumie hata kwenye ndege nyingine utakazopanda.

MamaNuru:
Nimeyaandika kwenye daftari. Swali la mwisho, mtoto wa miaka sita anavaa boya la mtu mzima au lipo lake? Na tukae wapi?

Mbizi_Kina:
Lipo la mtoto, liulizie siku ya kukata au ya kuthibitisha tiketi sio siku ya safari, maana mengi ya watu wazima yanamvuka kichwani mtoto akiwa majini. La kwake linakuwa na mkanda wa kupita katikati ya miguu lisipande. Kwenye siti, mkae karibu na mlango au dirisha la dharura, yeye pembeni yako, mumeo nyuma yenu. Wewe ndo unamfungulia mkanda, baada ya mlango kufunguka, na anatoka yeye kwanza ukiwa umeshika nguo yake.

NyotaYaKusi:
Nyongeza kidogo kwenye siti, hizi ndege ndogo wafanyakazi ndo wanapanga nani akae wapi kwa ajili ya uzito, kwa hiyo waambie mapema tunataka kukaa hivi na mtoto, watawapangia. Na siku rubani akisema hatuondoki upepo mkali au ukungu, au safari imesogezwa kesho, mshukuru na msimsukume hata kama hoteli imeshalipiwa. Juni 25, 2015 kule Ketchikan Alaska ndege ya watalii iliingia kwenye mlima hali ya hewa ikiwa mbaya, watu wote tisa wakafa, na wachunguzi walikuta shinikizo la ratiba lilikuwa sehemu ya sababu.

FundiWaBawa:
Hapo kwenye shinikizo naunga mkono kwa mikono miwili. Na sisi mafundi hivyohivyo, tukisema ndege haitoki leo tuachieni.